Draiva ya RX 580 kwenye Linux iko wapi, na ile paneli ya AMD imepotelea wapi?

Swali

"Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Nimenunua kadi ya RX 580 ya GB 8, mtumba, aliyeniuzia anasema haijatumika sana. Windows ilishanichosha, nikaweka Linux Mint 22. Kule Windows nilikuwa na ile programu ya AMD, Adrenalin, nashusha feni humohumo. Kwenye Mint nikifungua sehemu ya draiva inaniambia hakuna inayohitajika. Nikapakua draiva ya tovuti ya AMD, ikagoma. Nikafuata video moja, nikabadilisha jina la mfumo kwenye faili fulani ili ionekane ni Ubuntu, ikaingia nusunusu, na sasa nikiwasha kompyuta kioo kinabaki cheusi muda mrefu kabla ya kuleta dawati. Feni zinavuma kama mashine ya kusaga. Draiva iko wapi, paneli yake iko wapi, na je, ningenunua Nvidia ingekuwa afadhali?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Mint ilipokuambia hakuna draiva inayohitajika haikuwa inakunyima kitu. Ilikuwa inakuambia draiva imeshaingia, na iliingia siku ileile uliyoweka mfumo. Mtu aliyetoka Windows akisikia "hakuna" anaona pengo, anakimbia kuliziba, na hapo ndipo anapovunja kilichokuwa kizima.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Fungua terminali uandike:

`lspci -nnk | grep -A3 VGA`

Utaona mstari wenye neno Ellesmere na msururu wa majina: RX 470, 480, 570, 580, 590, kana kwamba kompyuta yenyewe haijui umenunua nini. Usishtuke. Kadi hizo ni ukoo mmoja, Polaris, na nyingi zinatumia namba moja ya utambulisho, 1002:67df. Mstari unaokuhusu uko chini yake: `Kernel driver in use: amdgpu`. Hiyo ndiyo draiva uliyokuwa unaitafuta mtandaoni. Imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, kwa hiyo kila unaposasisha kerneli umesasisha na draiva.

Ila hiyo ni sehemu moja tu. Kinachoitwa draiva ya grafiki huku kwetu ni vipande vitatu vinavyofanya kazi pamoja. amdgpu inashughulika na chuma: kumbukumbu ya kadi, kasi ya saa, feni, waya wa monita. Juu yake kuna Mesa, mradi ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, ambao unapokea maagizo ya OpenGL na Vulkan, njia mbili ambazo gemu huagizia picha, na kuyageuza yawe lugha ambayo kadi inaielewa. Cha tatu ni famwea, yaani vifaili vidogo ambavyo kadi hulishwa wakati wa kuwaka. Vinakaa `/lib/firmware/amdgpu`, na vya kwako majina yake yanaanza na polaris10. Kimoja kikikosekana au kikigongana na vingine, ndipo unapoona kioo cheusi.

Kupima kama Mesa inafanya kazi, weka pakiti ya `mesa-utils` kisha andika `glxinfo -B`. Kwenye mstari wa "OpenGL renderer" ukiona jina la kadi yako pamoja na neno radeonsi, uko salama. Ukiona llvmpipe, basi kadi imekaa bure na prosesa ndiyo inayochora kila kitu, hata kivuli cha dirisha. Hapo ndipo mtu anapolalamika kwamba Linux ni nzito.

Sasa tuondoe ulichoweka. Kwanza piga picha ya mfumo kwa Timeshift, imo ndani ya Mint tayari. Halafu anza na kuondoa pakiti, lile faili la jina ulirudishe baadaye, maana skripti iliyokugomea mlangoni wakati wa kuingia inaweza kukugomea na wakati wa kutoka:

`sudo amdgpu-install --uninstall`
`sudo apt purge amdgpu-install`
`sudo apt update`
`sudo apt install --reinstall libgl1-mesa-dri mesa-vulkan-drivers`

Ukimaliza fungua `/etc/os-release` na urudishe `ID=linuxmint`. Hili usilisahau. Zipo programu nyingi zinazosoma faili hilo kujua ziko kwenye mfumo gani, na uongo ule utakurudia miezi sita baadaye mahali ambapo hutakumbuka chanzo chake. Mwisho andika `dkms status`. Kusiwe na mstari wowote wa amdgpu pale. Ukiwepo, maana yake bado kuna nakala ya pili ya draiva iliyojengwa nje ya kerneli, nayo ndiyo inayotangulia ile nzima. Washa upya. Nadhani kioo cheusi kitakuwa kimekwisha.

Kifurushi cha AMD si kibaya, ila hakikulengwa kwako. Kinatengenezwa kwa matoleo ya Ubuntu, Red Hat na SUSE, zaidi kwa watu wa mahesabu makubwa wanaotaka ROCm, programu za AMD za kufanyia mahesabu kwa kadi. Kwa gemu na kazi za dawati hakikuongezei kitu. Draiva ya Vulkan ambayo wachezaji karibu wote wa Linux wanatumia kwenye kadi za AMD ni RADV, iliyo ndani ya Mesa, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen, na wala hawakuwa waajiriwa wa AMD. Valve, wenye Steam, wakaitia nguvu, Steam Deck ya 2022 inakwenda kwa hiyo. Kufikia mwaka 2025 AMD wenyewe waliacha kuendeleza AMDVLK, draiva yao ya Vulkan, wakasema wanaunga mkono RADV. Mwenye duka ameamua kula kwa jirani, wewe unahangaika na nini?

Na paneli? Iliwahi kuwepo. Zamani kulikuwa na draiva ya siri ya kampuni, fglrx, iliyokuja na dirisha lake la Catalyst Control Center. AMD walioinunua ATI mwaka 2006 walianza mwaka uliofuata kutoa nyaraka za kadi zao ili watu waandike draiva huria, na kidogo kidogo fglrx ikakosa sababu ya kuishi. Ubuntu 16.04 ilipotoka haikuwemo. Paneli ikazikwa na draiva yake. Iliyobaki imeandikwa na watu wa kampuni nyingi pamoja na watu wa kujitolea, na katika kazi ya namna hiyo hakuna mmoja mwenye jukumu la kuchora dirisha zuri lenye nembo.

Lakini vile vitasa vya paneli havikuzikwa. Vipo, ila vimegeuka kuwa mafaili. Ingia hapa:

`cd /sys/class/drm/card0/device`

Kama hakuna card0 jaribu card1. Kerneli za siku hizi hupenda kuhesabu hivyo na wala si kosa lako. Humo ndani, kwenye folda ya hwmon, kuna `temp1_input`. Lisome kwa `cat` utapata kitu kama 68000. Hizo ni nyuzi joto 68, imeandikwa kwa sehemu za elfu. `pwm1` ni nguvu ya feni, kutoka 0 hadi 255. `pwm1_enable` inasema nani ameshika usukani wa feni: 2 ni kadi yenyewe, 1 ni wewe. `power1_cap` ni kikomo cha umeme, kwa maikrowati, kwa hiyo ni namba ndefu ya kuchosha macho. Yangu ilikuja na 145000000, yaani wati 145. Usichanganye na wati 185 zilizoandikwa kwenye karatasi za RX 580. Ile ni kadi nzima, hii kwenye Polaris ni chipu yenyewe.

Haya si mafaili ya kwenye diski. Kerneli inayaumba kompyuta ikiwaka na yanayeyuka ikizimwa. Faida yake ni kwamba ukikosea, kuzima na kuwasha kunakurudisha mwanzo. Jaribu hili uone:

`echo 110000000 | sudo tee /sys/class/drm/card0/device/hwmon/hwmon*/power1_cap`

Umeshaibana kadi isipite wati 110. Hakuna dirisha, hakuna kupakua kitu. Programu zote za paneli utakazozisikia zinafanya hivyohivyo: zinaandika namba kwenye mafaili haya kwa niaba yako. Ukilijua hilo hutababaishwa tena na swali la programu ipi ndiyo "ya kweli".

Mimi ningekushauri LACT. Iko Flathub, ghala la programu za Linux, na pia ipo kama faili la .deb. Ina sehemu mbili: dirisha unaloliona, na mtumishi wa nyuma anayeitwa lactd, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kuandika. Ukiweka ile ya .deb, dirisha likikuambia halimpati mtumishi, umeruka hatua hii:

`sudo systemctl enable --now lactd`

Kazi ya lactd ni kukumbuka. Kwa kuwa mafaili yale yanasahau kila ukizima, lazima awepo wa kuyaandika upya kila asubuhi. Ndani ya LACT utakuta mchoro wa feni, unavuta nukta: nyuzi 50 feni asilimia 25, nyuzi 70 asilimia 50, nyuzi 80 asilimia 80, na kuendelea. Usiweke feni kwenye namba moja isiyobadilika ukaondoka. Ukishika usukani kwa mkono na kuusahau, kadi inapanda joto huku feni ikizunguka taratibu kwa utii wako.

Ipo pia CoreCtrl, nzuri kama unataka kila gemu iwe na mipangilio yake. Kuangalia tu bila kugusa, `nvtop` inatosha, na usidanganywe na jina, inasoma AMD pia. Ukitaka fremu na joto vionekane juu ya gemu yenyewe, weka MangoHud na kwenye Steam uandike `mangohud %command%` kwenye machaguo ya kuwashia gemu. Ukubwa wa kioo na kasi ya monita viko kwenye mipangilio ya kawaida ya Mint, havina uhusiano na haya.

Kuna kitasa kimoja kimefungwa kwa makusudi: volteji. LACT ina kitufe cha kukifungua, kisha unawasha upya. Baada ya hapo faili la `pp_od_clk_voltage` linaonekana, na ndani yake kuna ngazi nane za kasi, kutoka 0 ya megahezi 300 kwa milivolti 750 hadi ya 7, ambayo kwenye RX 580 nyingi ni zaidi ya megahezi 1300 kwa milivolti 1150 hivi. Hapo ndipo penye mali. Viwanda huweka volteji juu kidogo ili hata chipu dhaifu isianguke. Ya kwako huenda si dhaifu. Shusha ngazi ya 7 kwa milivolti 25, cheza gemu nzito nusu saa, shusha 25 nyingine. Kioo kikianza kutoa vidoa au gemu ikaanguka, panda hatua moja na ukae hapo.

Watu hufanya hivi kutafuta kasi. Mimi hufanya kwa ajili ya LUKU. Kadi iliyokuwa inakula wati 145 ukiibana kwenye 100, na ukawa unaitumikisha saa tano kwa siku, unaokoa wati 45 mara tano mara siku 30: karibu uniti 7 kwa mwezi. Si nyingi, lakini na joto linalotoka kwenye kasha limepungua, na chumba cha Morogoro mwezi wa Desemba hakihitaji jiko la pili.

Sasa twende kwenye mvumo, maana hapa nina wasiwasi na maneno ya aliyekuuzia. RX 580 za GB 8 zilipendwa sana na wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali. Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji wa kadi, na kadi hizo zikamwagika kwenye mitumba ya dunia nzima. Nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka, na nyingi zilibadilishwa BIOS ya kadi, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kadi yenyewe, ili kumbukumbu iende kasi kuliko ilivyokusudiwa. Kadi ya hivyo inaweza kuwa nzima kabisa. Lakini draiva ya Linux inaamini BIOS inachosema, na BIOS iliyochezewa inasema uongo.

Andika `sudo dmesg | grep active_cu_number`. Hiyo ni idadi ya vitengo vya hesabu vya kadi, na RX 580 halisi inatoa 36. Ikitoa 32, unayo ile iitwayo 2048SP, iliyotoka China mwaka 2018, ambayo ukiipima ni RX 570 iliyovaa jina la ndugu yake. Hata `lspci` humfichua huyo, namba yake ni 1002:6fdf. Si hasara kubwa, ila kama ulilipa bei ya 580 una haki ya kurudi dukani ukazungumze.

Kisha tazama `sensors`, chini ya amdgpu. Utaona joto la sasa na kikomo cha hatari, nyuzi 94. Pembeni kuna namba ya ajabu, -273.1. Usiwe na hofu, kadi yako haijafika kwenye baridi ya mwisho kabisa. Ni nafasi tupu iliyojazwa sifuri na ikageuzwa kipimo. Ninachotaka usome ni feni. Kadi nyingi za aina hii huzima feni kabisa zikiwa zimepumzika. Ya kwako ikiwa dawatini tu, huchezi chochote, na feni inazunguka mizunguko elfu mbili huku joto ni nyuzi 45, huenda BIOS imechezewa. Fungua kasha utazame ukingo wa juu wa kadi: baadhi zina kiswichi kidogo cha kuchagua kati ya BIOS mbili. Zima kompyuta, isukume upande wa pili, washa. Wachimbaji wengi walibadilisha moja tu. Nimeona kadi ikinyamaza kwa kidole kimoja, mwenyewe akiwa ameshahangaika wiki mbili na programu.

Lakini ikiwa joto lenyewe ndilo liko juu, nyuzi 80 na kitu kwa kufungua kivinjari tu, hakuna paneli duniani itakayokusaidia. Hiyo ni vumbi, au dawa ya joto iliyokauka kati ya chipu na bomba za shaba. Fungua, safisha, paka upya. Gharama yake ni ndogo kuliko kadi.

Nvidia sasa. Ni kweli wana paneli, nvidia-settings, na `nvidia-smi` kwa terminali. Ila draiva yao inakaa nje ya kerneli, inajengwa upya kila kerneli ikisasishwa, na kama Secure Boot, kinga inayokataa draiva isiyo na saini, imewashwa utakutana na lile dirisha la bluu la kusajili ufunguo, ambalo watu huliruka kwa haraka kisha wanashangaa draiva haiwaki. Kuanzia 2022 wamefungua sehemu ya kerneli, lakini kwa kadi za Turing na kuendelea, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu. Mwenzake RX 580 kwenye mitumba ni GTX 1060, na huyo hayumo. Tawi la draiva namba 580 ndilo la mwisho kumhudumia. Namba zimegongana na kadi yako kwa bahati tu. Likiisha, atabaki na nouveau, draiva huria ambayo kwa kizazi chake haina uwezo wa kupandisha kasi ya kadi, kwa kuwa famwea inayohitajika imefungwa kwa saini ya kampuni. Kadi yako wewe itaendelea kubebwa na kerneli na Mesa.

Kitu kimoja kingenifanya nikuambie uuze: kama kazi yako ni mahesabu ya CUDA, mfumo wa Nvidia wenyewe, au kurenda Blender kwa kadi. ROCm ya AMD ilishaiacha familia ya Polaris, na hapo RTX ya mtumba ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa gemu na kukata video za harusi kwa Kdenlive, baki ulipo. RX 580 inasimba H.264 na HEVC kwa chuma chake. Weka `mesa-va-drivers` kisha `vainfo` ikuthibitishie.

Fanya usafi wa pakiti leo, swichi ya BIOS kesho ukiwa na mwanga. Kisha niandikie mistari miwili: ile ya active_cu_number, na ile ya fan1 kwenye `sensors` ukiwa umeiacha kompyuta dakika kumi bila kufungua kitu.